Unga wa Metali Kabla ya Leza

Kila yanapozuka mazungumzo ya kuchapa spea za meli kwa leza hapa Mombasa, badala ya kuzingojea Kilindini majuma kadhaa, hesabu huanzia kwenye bei ya mashine na kuishia hapo hapo, na anayeuliza habari za unga wa metali, ambao leza huuyeyusha tabaka kwa tabaka hadi spea ikamilike, huonekana mtafuta visingizio. Wanaotanguliza mashine wana hoja: leza ikiwa dhaifu, tabaka haziungani, na ikiwa kali mno huacha vitundu, hata unga uwe safi namna gani. Tena unga mzuri, wa chembe za mviringo zilizopulizwa kwa gesi ya argoni, ni ghali. Kuutupa uliobaki bila kuguswa na leza ni hasara.

Hata hivyo, mashine hutandaza tabaka lenye unene wa mikromita (sehemu za elfu za milimita) 30 hadi 60 hivi, kwa chembe ambazo aghalabu ni za mikromita 15 hadi 45, na chembe zilizoshikana hazitandiki sawasawa. Sisi wa pwani tunaijua chumvi ya mezani inavyogoma kumwagika masika yakiingia; unyevu huushikanisha na unga huu vivyo hivyo. Kipimo cha mtiririko wake si kigumu: gramu 50 za unga hupitishwa kwenye faneli yenye tundu la milimita 2.54, na muda ukahesabiwa. Kwa alumini, unyevu una balaa la pili, kwani hutoa haidrojeni ambayo metali iliyoyeyuka huinywa na, ikiganda, huitema. Vinabaki vitundu, na ufa wa uchovu, yaani wa metali iliyochoshwa na mizigo ya kurudiarudia, hupenda kuanzia humo.

Linalonikosesha raha zaidi ni titani. Aloi ya Ti-6Al-4V, yaani titani iliyochanganywa na alumini na vanadi, ya daraja la 5 huruhusiwa oksijeni isiyozidi asilimia 0.20, na ya daraja la 23 asilimia 0.13. Pengo ni asilimia 0.07 tu, ilhali unga huelekea kuvuta oksijeni zaidi kila unaporudiwa kutumika, na metali huzidi ugumu huku ikipoteza unyumbufu. Chekeche huondoa madonge na matone ya cheche yaliyoganda; oksijeni iliyokwisha kuingia ndani ya chembe haichekecheki. Kwa hiyo kauli ya “tumeuchekecha, ni kama mpya” ni nusu ya kweli, nayo ndiyo nusu rahisi.

Unga na urudiwe, sina ugomvi, mradi kila kopo liwe na daftari lake: lilifunguliwa lini, unga umerudiwa mara ngapi, oksijeni imefika wapi. Kwa kishikio cha mlango, daftari hilo ni usumbufu mtupu. Kwa impela, gurudumu la mapanga la pampu, inayozunguka usiku na mchana ndani ya meli iliyo baharini, silioni hivyo.