Saruji na ua wa mawe haviendani

Niliyafanya makosa mwenyewe. Chokaa ya katikati ya mawe kwenye sakafu ya ua wa nyumba ya bibi yangu, Mji Mkongwe, ilikuwa inamomonyoka. Kila nikifagia, ufagio unatoka na unga mweupe. Nikamwita fundi, akaziba mianya yote kwa saruji. Siku mbili tu, kazi imekwisha, na ua ukapendeza kweli. Masika ya pili mawe yenyewe yakaanza kubanduka usoni, tabaka kwa tabaka, huku saruji imesimama imara pembeni.

Sababu yake ninaijua sasa. Jiwe la matumbawe ni laini, lina vitundu vingi, linafyonza maji na kuyatoa. Chokaa nayo ni hivyohivyo, kwa hiyo unyevu wa chini ulikuwa ukipanda na kutokea kwenye mianya. Saruji ikaziba njia. Maji yakabaki na mlango mmoja, ambao ni jiwe, na maji ya mji wa pwani yana chumvi. Yakikauka, chumvi inaganda ndani ya vitundu, inavimba, inalipasua jiwe. Chokaa inapomomonyoka inafanya kazi yake: inaumia yenyewe ili jiwe lipone. Chokaa utaiweka tena. Jiwe lile la bibi nitalipata wapi?

Ndiyo maana nasema saruji isiguse ua wa zamani, hata kidogo, hata kwa "kiraka cha muda". Mji wetu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na milango ya nakshi tunaitetea kwa nguvu zote. Sakafu tunayoikanyaga kila siku hakuna anayeiulizia.

Mwaka jana nimerudia kazi yote, safari hii na mzee mwashi aliyekulia kwenye chokaa. Tulichimbua mianya kwa tindo na nyundo ndogo, taratibu, maana mashine ya kukatia inakula kingo za mawe. Kina kiwe angalau mara mbili ya upana wa mwanya. Kupaka juujuu ni kujidanganya. Tukapiga brashi mpaka vumbi lote likatoka, tukalowesha mawe, kwani jiwe kavu linainyonya chokaa maji kabla haijashika.

Chokaa ilikuwa imezimwa, yaani imetiwa maji ikachemka mpaka ikatulia, kisha ikalala kwenye maji wiki kadhaa. Tukachanganya karai moja kwa matatu ya mchanga, na mchanga usiwe wa ufukweni, utakuwa umeirudisha chumvi kwa mkono wako. Mzee alitaka mchanganyiko mkavu kiasi, ukifinyangwa unashikana bila kuchuruzika. Akawa anaushindilia kwa ncha ya mwiko, kidogokidogo. Vaeni glavu, na mlinde macho: chokaa inaunguza.

Halafu magunia mabichi juu, wiki nzima, kuyamwagia maji asubuhi na jioni. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa polepole, na jua la saa sita likiikausha ghafla inapasuka na kubaki unga. Hapo ndipo mafundi wengi wanaposhindwa, kwa sababu mwenye nyumba anataka kupita leo. Sisi tulipita kwa mlango wa nyuma siku nane.

Mawe 11 yalikuwa yameharibika kabisa. Hayo bado sijayapatia badala yake.