Sekunde kumi za X-43A si hasara

Mjadala wa ndege za kasi ya kupindukia ukifika kwenye X-43A ya NASA, hesabu inayotolewa ni ileile: mradi wa takriban dola milioni 230, ndege tatu zisizo na rubani, na Novemba 16, 2004 injini ikawaka sekunde kama kumi kabla chombo hakijaishia Pasifiki. Ile ya kwanza, mwaka 2001, haikufika hata hapo. Roketi iliyoibeba ilienda mrama ikabidi ilipuliwe. Kwa hesabu hiyo, fedha zilimwagwa baharini.

Tatizo ni kwamba sekunde hizo zinapimwa kwa saa ya abiria. Kwa Mach 9.6, yaani mara 9.6 ya kasi ya sauti, hewa huupita urefu wote wa ndege ile, mita 3.7, kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika muda huo haidrojeni, mafuta yake, ichanganyike na hewa, ishike moto, isukume. Moto uliohimili hayo kwa sekunde kumi umerudia kazi hiyo maelfu ya mara, tena angani, wakati mitambo ya maabara huimudu hali ya Mach 10 kwa milisekunde chache tu. Ufupi wenyewe ulipangwa: tanki lilikuwa dogo, na injini ya shaba ilikuwa inalimeza joto badala ya kulitoa. Lililotafutwa lilikuwa jibu kama moto huo unaweza kusukuma kwa kasi hiyo, na jibu likapatikana.

Wapinzani wa haidrojeni wana hoja, hilo tukubali. Kilo moja hutoa nishati karibu mara tatu ya mafuta ya kawaida ya ndege, lakini ikiwa kimiminika cha nyuzi −253, lita moja hutoa robo tu. Tanki linakula nafasi ya kila kitu. X-51A, ndege nyingine ya majaribio iliyotumia JP-7, mafuta ya ndege ya jamii ya mafuta ya taa, injini yake iliwaka zaidi ya dakika tatu mwaka 2013. Sawa, ila kwa Mach 5.1; ukikaribia Mach 8 mafuta ya aina hiyo hushindwa kuipoza injini na kuwaka kwa wakati.

Kinachonisumbua zaidi ni mvuke. Haidrojeni haitoi kaboni ikiungua, lakini maji yakiachwa kilomita 30 juu hukaa miezi, hata miaka, yakizuia joto la dunia lisitoke, huku oksidi za nitrojeni zikiila ozoni. Hoja hiyo ni nzito kuliko ya tanki, na wanaoibeza X-43A huigusa kwa nadra.