Mlima Vinson na jina la mbunge

Kila anayehesabu vilele vya juu kabisa vya mabara saba huutaja Kilimanjaro, na huutaja pia mlima ambao wengi wetu hatuujui hata kwa jina. Mlima Vinson ndio mrefu kuliko yote ya Antaktika. Una mita 4,892, yaani umepitwa na kilele cha Uhuru kwa mita elfu moja na ushei, nao umo katika safu ya Sentinel ya Milima ya Ellsworth, kiasi cha kilomita 1,200 kutoka Ncha ya Kusini.

Safu hiyo ilipewa jina na Lincoln Ellsworth, Mmarekani aliyeipita kwa ndege tarehe 23 Novemba 1935 akiwa na rubani Herbert Hollick-Kenyon. Aliiona imesimama peke yake juu ya tambarare ya barafu kama mlinzi zamuni, akaiita hivyo hivyo kwa Kiingereza: Sentinel. Kwangu hilo ni jina lililotungwa na jicho. Kilele kirefu kuliko vyote hakikutambuliwa hadi Januari 1958, kilipoonwa na ndege ya Jeshi la Majini la Marekani, nacho kikapewa jina la Carl Vinson, mbunge wa Georgia aliyekaa katika Baraza la Wawakilishi tangu 1914 hadi 1965 na kuunga mkono safari za uchunguzi wa Antaktika.

Sina ugomvi na marehemu. Bila bajeti ndege zile zisingeruka, na kwa maana hiyo jina lake linasema kweli kuhusu namna mlima ule ulivyotufikia. Ninachokitilia shaka ni desturi yenyewe ya kulipa fadhila za siasa kwa milima. Mpanda milima Mjerumani Hans Meyer alipokipa kilele cha Kibo jina la mfalme wa Ujerumani mwaka 1889, palikuwa na wenyeji waliokuwa na majina yao, na Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961 kilele kikaitwa Uhuru. Antaktika haikuwahi kuwa na wenyeji, kwa hiyo hakuna atakayedai jina la zamani lirudishwe. Wengine huona kwamba hilo linampa uhuru mtoa jina. Mimi naona linamtaka awe na kiasi zaidi, maana anaandika mahali ambapo hakuna wa kumkosoa.

Mkataba wa Antaktika wa 1959 ulisimamisha madai ya kumiliki ardhi, na Vinson umo katika eneo linalodaiwa na Chile, lakini haukuzuia ushindani wa majina. Nchi nyingi zina kamati zao za majina. Bulgaria, kwa mfano, imetoa majina mengi ya Kibulgaria kwa vilele na mito ya barafu ya safu hiyo hiyo ya Sentinel, wala sioni kosa lake, kwani Wamarekani walitangulia. Kilele cha pili kwa urefu, jirani yake Vinson, kinaitwa Tyree, na Tyree alikuwa admirali.

Hata mipaka ya jina ilichukua muda kutulia, kama ilivyokuwa kwa urefu wenyewe, ambao awali ulikadiriwa kuwa mita 5,140. Kwa miaka mingi neno Vinson lilitumika kwa mlima mzima wenye vilele vingi na pia kwa ncha yake ya juu, mkanganyiko ambao mtu aliyezoea kutofautisha Kilimanjaro, Kibo na Uhuru angeushangaa. Kamati ya Marekani iliutatua mwaka 2006 kwa kutenganisha mlima mzima na kilele. Wakati huo huo ikavipa vilele vidogo vya mlima ule majina ya watu wa msafara wa kwanza kuukwea, ulioongozwa na Nicholas Clinch na kufika juu Desemba 1966: kikapatikana kilele cha Clinch, cha Corbet, cha Schoening na vinginevyo.

Ndivyo ilivyo mpaka leo. Waliopanda kwa miguu yao wamepewa mabega ya mlima, miaka arubaini baadaye, na aliyepitisha fedha akabaki na kichwa.