Kuinua gari na kulivisha matairi makubwa: ni nini hasa kinachonunuliwa?

Ukipita katika gereji za Changamwe, Mombasa, siku ya Jumamosi, hutakosa kuona Prado au Hilux iliyokalishwa juu ya vigogo, springi zake za zamani zimelazwa mchangani na mpya, ndefu kuliko hizo, zikisubiri kufungwa. Wenye magari hayo hutoa hoja kwamba njia za ndani ya Kinango na za kuelekea Galana, masika yakishaanza, hazipitiki kwa gari lenye kimo cha kiwandani. Wapinzani wao, na wengi ni mafundi wa makamo, hujibu kuwa waliolibuni gari walilipima kila kiungo na kwamba anayebadilisha kimoja atalazimika kubadilisha vingine vitano. Hoja zote mbili zina uzito, lakini naona pande hizo huyachanganya mambo mawili ambayo yangefaa kutenganishwa kabla ya mtu kutoa hata shilingi moja: kimo kinacholetwa na springi na kimo kinacholetwa na tairi.

Springi ndefu huinua chasisi na bodi, wala haziinui ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu. Difu (bonge la gia lililo katikati ya ekseli) ya nyuma ya Prado, Hilux au Land Cruiser ya kazi, ambayo ndiyo hasa inayokwama katika matuta ya katikati ya njia, hubaki katika umbali ule ule kutoka ardhini hata ukiinua bodi kwa sentimita 10. Kinachoiinua difu ni tairi peke yake, nayo huiinua kwa nusu tu ya ongezeko la kipenyo chake. Chukua tairi ya 265/70R16, yenye kipenyo cha takriban milimita 777, uibadilishe kwa 285/75R16, yenye takriban 834. Mwenye gari amelipia matairi matano mazito na ya bei, na difu yake imepanda kwa milimita 28, kimo kisichofikia upana wa vidole viwili.

Hii haina maana kwamba springi hazina faida. Hulipatia gari nafasi ya kupanda ukingo wa korongo bila kugonga bampa, kushuka bila kuburura nyuma, na kuvuka kichuguu bila kukalia tumbo, na pia huachia tairi kubwa nafasi ya kuzunguka bila kukwaruza matao ya bodi. Anayeshuka mara kwa mara katika mito mikavu ya bara ya Kwale atazihitaji. Lakini wapo wanaotaja rampu ya feri ya Likoni wakati maji yamekupwa kuwa ndiyo sababu yao, ilhali hapo huburura magari madogo ya saluni. Prado ya kawaida hupita bila kuhangaika. Wapo pia ambao springi zao zimelegea kwa umri na mizigo, na kimo wanachokitafuta ni kile kile gari lilichokuja nacho, ambacho kingerudi kwa springi mpya za urefu wa asili.

Gharama za kuinua ndizo zinazonipa shaka zaidi, kwa kuwa nyingi hazionekani siku ya kutoka gereji. Katika gari lenye ekseli nzima ya mbele inayoshikwa na mikono na springi za mviringo, kama Land Cruiser 80 au Jimny, kuinua bodi huizungusha ekseli kidogo na kubadilisha pembe yake, usukani ukapoteza ile tabia ya kurudi katikati wenyewe, na gari likaanza kuzurura barabarani lishikapo mwendo. Dawa yake, bushi au mikono ya kurekebisha pembe hiyo, ipo, lakini mara nyingi huachwa ili bei ionekane nafuu. Katika Prado na Hilux za karibuni, shafti za magurudumu ya mbele hufanya kazi katika pembe kali zaidi, vifuko vyao vya mpira hupasuka mapema, grisi ikamwagika na mchanga ukaingia. Kisha kuna breki: baadhi ya magari haya yana valvu inayokisia mzigo kwa kupima umbali baina ya chasisi na ekseli ya nyuma, na umbali huo ukiongezeka valvu hudhani gari ni tupu na kupunguza breki za nyuma. Fundi asiyeirekebisha amekabidhi gari lenye breki pungufu, hata kama mafuta ya breki na pedi ni mpya.

Kupinduka nako kunahesabika. Gari lenye upana wa mita 1.5 baina ya magurudumu na kitovu cha uzito sentimita 70 kutoka chini, likipandishiwa kitovu hicho kwa sentimita 7, hupoteza takriban asilimia 9 ya uwezo wake wa kusimama imara katika kona. Shokomzoba ngumu hupunguza kuyumba, lakini hazikishushi kitovu cha uzito.

Tairi kubwa nayo hudanganya dashibodi. Kwa vipimo nilivyotaja, kipimamwendo kilichokuwa sahihi kitasoma 100 wakati gari linakwenda 107, na kilomita 5,000 za sevisi zitakuwa zaidi ya 5,360. Kwa upande mwingine, wanaolalamika kuwa gari limeanza kunywa mafuta kupita kiasi huwa wanazidisha, kwa sababu wanagawanya lita kwa kilomita ambazo dashibodi imezihesabu pungufu. Ulaji huongezeka kweli, ila si kwa kiasi wanachodai. Ninachokiona kikubwa zaidi ni gia kuwa nzito: kulipita lori kati ya Mazeras na Mariakani huchukua muda mrefu kuliko dereva alivyozoea, na hapo muda ndio usalama.

Wapinzani wa kuinua gari nao hukosea wanaposema hakuna haja kabisa. Njia nyingi za bara zimechimbwa na malori, na kina cha mifuo hiyo hufuata tairi za lori, kwa hivyo anayeipita kila wiki kwa kazi ana haki ya kuzitafuta hizo milimita 28. Kwa mwingine, ningeanza na tairi imara zenye ubavu mgumu wa kuhimili miamba ya matumbawe, kwa saizi ya asili, na pampu ndogo ya upepo. Ukishusha upepo hadi kati ya psi (kipimo cha upepo wa tairi) 15 na 18 mchangani, mwendo ukiwa wa polepole, tairi hujilaza na gari likaelea pale ambapo lililoinuliwa lenye upepo kamili huzama.

Anayeamua kuinua basi asizidishe sentimita 5, aijulishe kampuni yake ya bima, na amtake fundi aonyeshe pembe za usukani, mabomba ya breki na taa za mbele vimepimwa upya. Tairi ya akiba nayo iwe ya saizi ile ile ya zile nne, kwani katika Prado inayovuta magurudumu yote wakati wote, tairi moja fupi huilazimisha difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kuzunguka safari nzima hadi ichemke.