Kuvuliwa kofia hakukutosha

Mwandishi, makala yako nimeisoma yote na kuna mahali sikubaliani nawe. Unasema adabu za Uingereza enzi za Malkia Victoria zilimpa mwanamke heshima ambayo leo imepotea. Ni kweli, barabarani mwanamume alisubiri bibi aanze kumwinamishia kichwa, ndipo naye avue kofia. Lakini kwangu hicho ni kilemba cha ukoka. Bibi huyohuyo akiolewa, kabla ya sheria ya 1870, hata ujira wa jasho lake ulikuwa mali ya mume. Ilibidi ifike 1882 ndipo wake wa England wapate haki kamili ya kumiliki mali zao.

Mambo ya msiba hukuyagusa kabisa, na ndiyo yanayoniuma zaidi. Mjane alitarajiwa kuvaa nyeusi miaka 2 au zaidi, mwanzoni akiwa amefunikwa krepu, kitambaa kikavu kisichong'aa, ambacho kikilowa mvua kilichuja rangi hadi kwenye ngozi. Hata barua aliandika kwenye karatasi yenye ukingo mweusi. Mgane je? Suti nyeusi, utepe kwenye kofia, na shughuli zake zikaendelea. Malkia mwenyewe alibaki na mavazi ya msiba tangu mumewe Albert alipofariki 1861 mpaka naye alipofariki 1901. Yeye aliweza. Mama maskini alilichovya kwenye rangi nyeusi gauni lake la kila siku, maana jipya hakuwa na uwezo wa kulinunua.