Waogeleaji wetu hawaendi kutalii

Mwaka 2024, ilipotangazwa timu ya Tanzania ya Michezo ya Olimpiki ya Paris, nilikuwa kwa kinyozi hapa Dodoma, mtaa wa Nkuhungu, nikisubiri zamu yangu. Wenzangu waliokuwa benchini waliyapitia majina ya wakimbiaji wa marathoni mmoja baada ya mwingine kwa heshima, wakamtaja Alphonce Simbu kama mtu anavyomtaja kaka yake, wakampa mcheza judo nafasi yake, kisha wakafika kwa waogeleaji wawili, Collins Saliboko wa mita 100 na Sophia Latiff wa mita 50, wote wa mtindo huru. Hapo mzee mmoja akasema, "Hawa wanakwenda kutalii." Hakuna aliyembishia, nami nikanyamaza. Kunyamaza kule kumenikera tangu siku ile, na leo nataka kusema nilichopaswa kukisema.

Kauli ya kwamba waogeleaji wetu wanakwenda kutalii au kusindikiza wenzao inatokana na jambo moja la kweli linaloeleweka vibaya. Katika kuogelea, Olimpiki huweka muda wa kufuzu, na nchi isiyo na mwogeleaji aliyefikia muda huo inaweza kupewa nafasi ya mwaliko, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, ili mchezo usibaki mali ya nchi chache zenye mabwawa mengi. Wengi wa wanaoingia kwa njia hiyo huogelea mita 50 au mita 100 za mtindo huru, katika makundi ya mwanzo kabisa ya mchujo, asubuhi, wakati watazamaji wengi bado hawajafungua runinga zao. Mwaliko huo haujawekwa kwa huruma. Kwa nchi ambayo mtoto wa mkoani anaweza kumaliza sekondari bila kuona bwawa lililopimwa, huo ndio mlango pekee ulio wazi, na anayeupita ameamka alfajiri kwa miaka mingi ili aufikie.

Inafaa pia tuujue mtindo wenyewe, kwa sababu jina lake linadanganya. Sheria humruhusu mwogeleaji kuogelea kwa namna yoyote anayotaka. Hata akiamua kuogelea kama chura, hakuna atakayemwondoa. Hata hivyo, wote huchagua kulala kifudifudi, mikono ikipokezana na miguu ikipiga bila kukoma, kwa kuwa mwanadamu hajapata njia nyingine ya kwenda kasi zaidi juu ya maji. Kuna mipaka michache: baada ya kuruka na baada ya kila mgeuko anaweza kukaa chini ya maji hadi mita 15 tu, kichwa lazima kiwe kimetokeza kabla ya alama hiyo, na kila afikapo ukutani lazima auguse, hata kwa miguu. Mengine yote anaachiwa mwenyewe, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mtu asiyejua hupiga maji kwa nguvu, mapovu yakatapakaa, naye akabaki karibu palepale. Anayejua hunyoosha mkono mbele, akakunja kiwiko kikiwa bado juu, akayashika maji kwa kiganja na mkono mzima kama mtu anayejivuta juu ya ukuta, na kichwa chake hugeuka kidogo tu ili mdomo upate hewa. Katika mita 50, wanaume wa kiwango cha juu huvuta pumzi mara moja, na wengine hawavuti kabisa mpaka waguse ukuta.

Tofauti kati ya furaha na majuto katika mbio hizi ni ndogo mno. London mwaka 2012, Nathan Adrian wa Marekani alishinda mita 100 kwa sekunde 47.52, na James Magnussen wa Australia akapata 47.53. Wengi wetu kanda hii ya kati hatukuwa tukielewa maana ya sehemu ya mia ya sekunde mpaka Septemba 2025, pale Simbu, mtoto wa Ikungi mkoani Singida, alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni jijini Tokyo kwa saa 2:09:48, muda uleule ulioandikwa kwa Amanal Petros wa Ujerumani aliyekuwa wa pili, ikabidi picha ya mstari wa mwisho iwatenganishe. Baada ya kilomita 42 na ushei, walipishana kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Siku ile niliona watu wazima wakikumbatiana barabarani kwa ajili ya kitu ambacho jicho haliwezi kukiona. Naomba heshima hiyohiyo ifike bwawani, kwa sababu mwogeleaji anayetoka Paris akiwa amepunguza nusu sekunde kwenye muda wake bora amefanya kazi kubwa, hata kama mbele yake wamemaliza watu 40.

Paris ileile, Pan Zhanle wa China aliogelea mita 100 kwa sekunde 46.40, rekodi mpya ya dunia, akamwacha Kyle Chalmers wa Australia kwa zaidi ya sekunde moja, pengo ambalo kwa mbio fupi kama hizo ni kama shamba zima. Kabla ya hapo watu walikuwa wakilalamika kwamba bwawa la Paris, lenye kina cha mita 2.15, ni la kina kifupi na halina kasi. Mimi sina la kuongeza juu ya ubishi huo.

Ninayemfikiria zaidi ni Ahmed Hafnaoui wa Tunisia. Msomaji ambaye hajawahi kufuatilia kuogelea ajue kwanza jinsi njia zinavyogawiwa. Katika fainali huingia watu wanane, na mwenye muda bora kwenye mchujo hupewa njia ya 4, katikati ya bwawa, anayemfuata hupewa ya 5, kisha ya 3, ya 6, na kuendelea hivyo hadi wa nane, ambaye hupelekwa njia ya 8, pembeni kabisa, ambako huwaona wenzake wa katikati kwa shida. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, Hafnaoui aliingia fainali ya mita 400 za mtindo huru akiwa wa nane. Alikuwa na umri wa miaka 18. Mezani kwa watangazaji karibu jina lake halikuwepo. Macho yote yalikuwa kwa Waaustralia na Waamerika. Aliogelea mita 400 kwa dakika 3:43.36 na kumshinda Jack McLoughlin wa Australia kwa sehemu 16 za mia za sekunde, kisha akageuka kutazama ubao wa matokeo na kupiga ukelele ambao nikiukumbuka hata leo nywele zinanisimama. Hakuwa Mwafrika wa kwanza kushinda katika mtindo huru. Mtunisia mwenzake, Oussama Mellouli, alishinda mita 1500 Beijing mwaka 2008, na kabla yake Waafrika Kusini wanne, Roland Schoeman, Lyndon Ferns, Darian Townsend na Ryk Neethling, walishinda mbio za kupokezana za mita 100 mara nne jijini Athens mwaka 2004 kwa rekodi ya dunia. Kwa hiyo wanaosema kwamba maji hayakuumbwa kwa ajili ya Mwafrika wana kazi ya kuyaeleza majina hayo.

Nitajibiwa kwamba Tunisia na Afrika Kusini wana mabwawa. Hilo hasa ndilo neno langu. Mwaka 2000 jijini Sydney, Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta, aliyekuwa amefanya mazoezi kwa miezi michache tu katika bwawa dogo la hoteli mjini Malabo, alisimama peke yake kwenye mchujo wa mita 100 baada ya wenzake wawili kuondolewa kwa kuruka kabla ya ishara. Hakuwahi kuogelea katika bwawa la mita 50. Alimaliza kwa dakika 1:52.72, mita za mwisho akijivuta kama mtu anayetoka kwenye tope, na ulimwengu ukacheka kabla ya kushangilia. Watu wengi huishia hapo wanaposimulia habari zake. Hawasemi kwamba aliendelea na mazoezi, kwamba miaka minne baadaye muda wake ulikuwa umeshuka chini ya sekunde 57, na kwamba baadaye alifanywa kocha wa timu ya taifa lake. Mtu aliyepunguza karibu nusu ya muda wake alikuwa na uwezo tangu mwanzo. Alichokosa ni urefu wa maji.

Urefu wa maji ninaujua kwa karibu kupitia mpwa wangu, binti wa dada yangu mwenye miaka 11, ambaye tangu alipoiona Olimpiki ya Paris ameshika kuogelea kama wenzake walivyoshika mpira. Kila Jumamosi asubuhi nampeleka kwenye bwawa la nyumba moja ya wageni hapa mjini, ambapo tunalipa kiingilio. Siku moja nilichukua kamba ya fundi nikalipima: mita 17 na sentimita 40, kina kikianzia kwenye magoti yake na kuishia kifuani kwangu. Akianza kuchukua kasi, akivuta mkono wa kumi au wa kumi na moja, ukuta umefika. Upande wa kina kifupi hawezi kujifunza kugeuka kwa pindu, kwa sababu mara mbili amegonga goti sakafuni, na mara ya pili alitoka damu. Hajawahi kupata kile ambacho waogeleaji wote hukisimulia, mita 15 za mwisho za bwawa refu, pale mikono inapokuwa mizito na mtu anajifunza kutoharibu mtindo wake wakati mwili unadai kusimama. Hilo halifundishiki kwa maneno.

Najua pingamizi litakalotolewa, na ni pingamizi zito ambalo sitalipita kwa haraka. Dodoma ni nchi kame. Mvua yetu huanza Desemba na kuisha Aprili, ikija vizuri, na kuna mitaa ambayo mama huamka usiku wa manane kwa kuwa ndio muda bomba linapotoa. Bwawa la mita 25 kwa 12.5, lenye kina cha wastani cha mita moja na nusu, linachukua lita zipatazo 469,000, yaani madumu ya lita ishirini zaidi ya 23,000. Nani atathubutu kumwambia mama yule kwamba madumu hayo ni ya watoto kuchezea?

Mimi sitamwambia hivyo. Nitamwambia kwanza kwamba maji ya bwawa hayamwagwi kila siku. Huzungushwa kwenye chujio, yakatiwa klorini, yakakaa, na kinachoongezwa ni kile kinachopotea kwa jua na upepo, ambacho hupungua sana bwawa likifunikwa usiku na kuwekewa paa. Nitamwambia pia jambo ambalo kila aliyechimba kisima Dodoma analijua, kwamba visima vingi hapa hutoa maji ya chumvi yasiyofaa chai wala kufulia. Watu wa Bahi huvuna chumvi kutoka kwenye udongo wao wenyewe. Maji hayo, yakipimwa na kutibiwa, yanafaa kumfundishia mtoto kuelea na kuogelea, ingawa pampu na vyuma vitadai matunzo zaidi. Kisha nitamkumbusha malambo tunayochimba kwa ajili ya mifugo na makorongo yanayojaa ghafla masika, ambamo watoto wetu huzama kwa sababu hakuna aliyewafundisha. Ukame haujawahi kutuepusha na maji. Umetufanya tusiyajue tu.

Ninachokitaka ni kitu kinachoweza kupimwa kwa futi: bwawa moja la umma hapa makao makuu ya nchi, la mita 25 na njia sita, lenye kina sawa pande zote mbili kiasi cha mtoto kugeuka bila kuumia, na ratiba ya asubuhi iliyotengwa kwa ajili ya shule za msingi za Dodoma, zikipokezana, bure. La mita 50 litafuata. Mjadala wa michezo mjini kwetu huanza na kuishia kwenye mpira wa miguu, na mimi ni mpenzi wa mpira, lakini sioni kwa nini kuogelea kusihesabiwe kwa uzito uleule wa riadha katika michezo ya shule, wakati Dakar, mji mkuu wa Senegal, imepewa uenyeji wa Olimpiki ya Vijana ya mwaka 2026, ya kwanza kupangwa katika ardhi ya Afrika. Aidha, tutakapopeleka tena waogeleaji wawili kwa mwaliko, gazeti liandike muda waliokwenda nao na muda waliorudi nao, ili watu wa benchi la kinyozi wapate kipimo cha haki cha kubishania.

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alikwenda na kurudi mara tatu bila kusimama, jumla mita 104 na sentimita 40, nami nikiwa nimeshika simu kuhesabu muda. Alipotoka, maji yakimchuruzika puani, aliniuliza, "Mjomba, hiyo ni sawa na mita 100?" Nilimjibu kwamba mita zimezidi, lakini kuta alizozigusa pia zimezidi, na mwenye bwawa la mita 50 hugusa ukuta mara moja tu katikati. Alifikiri kidogo, akaomba turudie wiki ijayo. Mhudumu akatuambia kwamba Jumamosi ijayo kuna harusi, meza zitapangwa kuzunguka bwawa, na Jumamosi ya pili yake nayo imeshakodiwa.