Kichwa Kinauma Gangan au Zukizuki?

Anayesema Kijapani ni kigumu kwa sababu ya herufi, huyo hajaugua akiwa Japani. Herufi zina dawa. Zile kanji rasmi zinazofundishwa shuleni ni 2,136. Unakaa nazo, unaziandika mpaka kidole kinaota sugu, na siku moja zinaingia zenyewe. Kinachonitoa jasho mimi ni vile vimaneno vya kurudiarudia ambavyo hapa Nagoya kila mtu anavyo mdomoni, kuanzia mtoto anayenyonya hadi daktari mwenye mvi. Zukizuki. Kirikiri. Nebaneba. Fuwafuwa. Mtu mzima, kavaa tai, anakuambia fuwafuwa na wala hacheki.

Kwetu tulifundishwa tanakali za sauti za kupambia insha. Mtu alianguka majini chubwi, mchangani tifu, sakafuni pu, mwalimu akakupa alama zako mkaachana kwa amani. Ukishatoka darasani hakuna wa kukufuata nazo. Hajatokea karani wa benki akakuuliza mshahara wako uliingia chubwi au tifu.

Huku wanakufuata nazo mpaka kwa daktari. Nilikwenda zahanati na kichwa changu kinauma, nimejiandaa kama mwanafunzi siku ya mtihani: "Atama ga itai desu." Kichwa kinauma. Sentensi safi, kila kitu mahali pake. Daktari akaitikia kwa kichwa, akachukua kalamu, akaniuliza, "Gangan desu ka, zukizuki desu ka?"

Nikamwomba anieleze tofauti. Mjapani ukimwomba akueleze neno la aina hii, hakuelezi. Analitamka tena, polepole, kwa mikono. Kwa gangan akawa anajigonga hewani kando ya sikio na ngumi, kama kuna kengele ya kanisa ndani ya fuvu. Kwa zukizuki akafumba na kufumbua vidole, nadhani mshipa unadunda. Kisha akaongeza chikuchiku, akinichoma hewani kwa sindano asiyokuwa nayo. Nesi naye, kwa moyo wake mwema, akajitosa na kirikiri, lakini hiyo ikaonekana ni ya tumbo, ile ya kukata na kunyonga. Tumbo lina na jingine, shikushiku, maumivu ya chinichini yasiyokoma, na shikushiku hiyohiyo ndiyo sauti ya mtu anayelia kwa kwikwi. Kwa hiyo huku tumbo likiuma kidogokidogo, linakulilia.

Neno pekee nililolifahamu kiukoo lilikuwa piripiri. Wanalo! Ni ule muwasho mkali wa ngozi au ulimi, pilipili kabisa, herufi tu ndizo zimebadilishana viti. Lakini ndiyo mikosi yangu: siku niliyopata neno la kwetu hospitalini, ugonjwa wangu haulihitaji. Nikachagua zukizuki kwa kuwa lilisikika la kusikitisha zaidi. Nikapewa vidonge. Kichwa kilitulia, ila mpaka leo sijui kama kilichopona ni kichwa au ni zukizuki.

Sasa usidhani ni vimaneno kumi, ishirini. Kuna kamusi nzima ya vitu hivi iliyotoka mwaka 2007, ina maneno 4,500. Elfu nne na mia tano! Na wenyewe wameyapanga kwa koo. Kuna giseigo, sauti za wenye roho: mbwa anabweka wanwan, chura analia kerokero. Kuna giongo, sauti za vitu: mvua inamwagika zaazaa, mlango unagongwa. Hao sina ugomvi nao, maana angalau kuna kitu kimelia. Ugomvi wangu ni na ukoo wa tatu, gitaigo, maneno ya kuiga vitu visivyotoa sauti yoyote. Nyota ina sauti gani? Kirakira. Tabasamu je? Nikoniko. Ukiwa na hasira za chinichini za foleni, iraira. Njaa ni pekopeko. Hata kimya nacho wamekipa sauti yake, shiin. Chumba kikiwa hakina hata nzi, mchoraji wa katuni analiandika neno hilo kwa herufi kubwa ukutani ili msomaji asikie vizuri kwamba hakuna kinachosikika. Nasi tunanyamaza jii, sikatai, lakini tukishanyamaza tunanyamaza.

Mwalimu wangu wa jioni alinipa ufunguo mmoja, na kusema haki unafungua. Sauti nyepesi ni ya kitu kidogo au kizuri. Ukiitia uzito, kitu kinakuwa kikubwa au kinakera. Kirakira ni kumeremeta kwa nyota, giragira ni jua la Agosti linalokupofua. Sarasara ni nywele laini, zarazara ni mchanga ndani ya wali. Mlango ukigongwa tonton, mgeni ana adabu zake. Ukigongwa dondon, ni anayekudai. Jiwe dogo linabingirika korokoro, na jabali gorogoro.

Na hapo kwenye gorogoro ndipo Mkenya yeyote anapopoteza mwelekeo. Kwetu gorogoro ni mkebe wa kupimia mahindi, kilo mbili, na ukitaka kujua maisha yamepanda kiasi gani unauliza gorogoro ni pesa ngapi. Kwa Wajapani gorogoro ni radi. Ni paka anayekoroma kwa raha. Ni tumbo linalonguruma. Ni kitu kilichokuingia jichoni. Juu ya yote hayo ni kushinda nyumbani umejinyoosha bila kazi. Mwenzangu kazini nikimuuliza Jumapili aliishindaje, ananijibu, "Ie de gorogoro." Nyumbani, gorogoro. Kila nikijitahidi, picha inayonijia ni ya baba mwenye watoto watatu, kakaa sebuleni, anapima mahindi.

Haya sasa ndiyo yanayonimaliza, maneno yaliyovaa nguo zetu. Mpangaji wa jirani yangu, mama mtu mzima, shabiki mkubwa wa Dragons, timu ya besiboli ya hapa mjini, alinisimamisha kwenye ngazi kunisimulia mechi. Kwamba kuanzia mwanzo hadi mwisho yeye ni harahara, harahara, harahara. Anashika na tumbo. Nilimtazama kwa huruma, nusura nimwambie achanganye maji, chumvi na sukari anywe kidogokidogo. Kumbe harahara ni roho juu, wasiwasi wa kutojua nani atashinda. Mama wa watu alikuwa mzima wa afya.

Kuna na batabata. Mtanzania ninayekaa naye, akisikia bata, anafikiria kula bata, yaani starehe, muziki na nyama choma. Siku moja alimpigia simu msimamizi wake kuomba ruhusa, akaambiwa kwamba kule ofisini ni batabata tangu asubuhi. Alikata simu amevimba. "Wao wanakula bata, mimi wananinyima siku moja!" Ikabidi nimtulize: batabata ya huku ni kukimbizana huku na huku, miguu inapigapiga sakafu, hata chai hukupata. Nurunuru nayo, jina ambalo ungempa binti na wazee wakakusifu, ni utelezi wa ngozi ya mkunga, yule samaki kama nyoka ambaye Nagoya inajivunia kumchoma na kumlaza juu ya wali.

Lakini barabara, jamani. Barabara! Kazini kwetu ni yadi ya magari ya mtumba, yanayokwenda Mombasa, Dar na kwingineko. Tulipewa na msimamizi, mimi na kijana mmoja wa Uganda, masanduku ya nati, skurubu na vifuniko tuyapange. Tukapanga. Msimamizi akaja, akainama juu ya sanduku la kwanza, akatikisa kichwa, akasema, "Barabara da na." Sisi meno yote nje. Tukapeana mikono. Akaenda la pili, "Kore mo barabara." Hili nalo barabara! Yule Mganda akaniambia huyu mzee leo kaamkia upande mzuri. Sasa niambie, mswahili gani duniani angejua kwamba barabara kwa hawa watu ni vurugu, vitu vilivyotawanyika ovyo, hiki kule na kile huku? Tunatukanwa, tunashukuru. Tunazidi kukemewa, tunazidi kuinama kwa adabu. Mzee wa watu lazima alikwenda nyumbani akamwambia mkewe kwamba Waafrika wana moyo wa chuma.

Kwenye chakula ndiyo usiseme. Washa televisheni saa yoyote, kuna mtu anatafuna kitu. Hatasema kitamu, akaishia hapo kama binadamu. Tempura, vile vipande vya samaki na mboga vilivyokaangwa kwa unga mwepesi, ni sakusaku, ngozi ya kuku ni karikari, kiazi cha moto ni hokuhoku, tambi zinateleza tsurutsuru, na natto, yale maharage ya soya yaliyochacha yanayovuta nyuzi kama gundi, ni nebaneba, na anayasema kwa furaha. Hata kupasha chakula kwenye maikrowevu kumepata kitenzi chake kutokana na kile kikengele cha mwisho: "chin suru", kukifanya chin. Ukiona wali umepoa unaambiwa uufanye chin. Hilo nimelipenda, sitaki kuwa mnafiki. Linaokoa muda.

Wivu wangu mmoja ni kwamba sisi nasi tuliwahi kutunga neno la aina hiyohiyo. Honda na Yamaha zimetoka huku zikaja kwetu, tukazisikiliza zikilia barabarani, nazo tukaziita pikipiki. Ukisikia tu, unajua hilo ni neno lililostahili kuzaliwa Japani. Lakini mwambie Mjapani, "Nimenunua pikipiki." Anakutazama, ametega sikio, anasubiri umalizie sentensi. Umenunua nini, pikipiki vipi?

Na wiki hii wamenipata vizuri, maana hapo yadi mimi ndiye napokea simu za wateja wa Kiswahili. Mzee mmoja wa Mombasa, gari lake limefika, amelitoa bandarini, amelitembeza, akanitumia ujumbe wa sauti: "Wewe bwana, hili gari lako lanilia kwarakwara nikikata kona." Ujumbe umekwisha. Nikamfuata fundi wetu, mzee anayeponya gari kwa sikio kama mganga, nikamwambia kuna sauti. Sauti gani? Nikamwambia kwarakwara.

Fundi akaweka spana chini. Akaniuliza kwa heshima zote kama ni karakara, au garagara, au gorogoro, au kotokoto, au gatagata. Maana kyurukyuru ingekuwa mkanda, gorogoro angetazama beringi ya gurudumu, kotokoto angeanzia kwenye bushi, na kila moja ina bei yake. Nikampigia mzee. Kule mchana, huku jua limeshazama, tofauti ni saa sita. Nikamuuliza, mzee wangu, hiyo kwarakwara yako ni kavu au nzito? Inabingirika au inagongana?

"Nimekuuliza dawa ya gari," akanijibu, "wewe wanitungia taarabu?"

Nikambembeleza. Akamwita fundi wa mtaani, fundi akasema hiyo si kwarakwara hata kidogo, ni kwechekweche. Mkewe akasikika kwa nyuma akisema yeye tangu jana anasikia kakaka. Kijana mmoja mpita njia naye akaombwa maoni, akatoa. Walibishana mpaka salio langu likawa linakata roho, ndipo mtu mwenye akili akawaza kurekodi sauti yenyewe na kunitumia.

Fundi wa yadi akaishika simu yangu kwa mikono miwili, akafumba macho, akasikiliza. Akarudia. Uso ukamfunguka.

"Aa," akasema. "Gokigoki."

Akanirudishia simu, akaokota spana yake, kwake yeye kesi imekwisha. Nikamwandikia mzee kwamba fundi amelitambua tatizo, ni gokigoki. Jibu lilikuja hapohapo.

"Alhamdulillahi. Hiyo gokigoki mpya yauzwa bei gani?"